Saa za shabiki wa soka zinatoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala uliozuka baada ya msomaji mmoja kuandika kwamba mashabiki wa soka ni wavivu wanaomaliza maisha yao mbele ya runinga, na kwamba nchi haiwezi kusonga mbele iwapo vijana wake wanawajua wachezaji wa akiba wa Arsenal kuliko wanavyojua bei ya mbolea. Barua ile ilisomwa kwa sauti kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Ngamiani, Tanga, ikachekwa, ikatolewa kasoro, kisha, kama ilivyo ada ya kijiwe, ikawekwa kando ili watu wajadili kikosi cha Jumapili. Mimi ni shabiki, tena wa miaka mingi, na sikukubaliana na mwandishi yule. Lakini sikukubaliana pia na wenzangu waliomjibu kwamba muda ni wao na hawadaiwi na mtu. Pande zote mbili zinahesabu saa kwa jumla, kana kwamba saa zote zina thamani moja, ilhali jambo la kuuliza ni saa hizo zimechukuliwa wapi, na ni nani aliyekuwa akizitegemea.

Nianze na hesabu yenyewe, maana bila hesabu tutaendelea kurushiana maneno. Mechi moja ina dakika 90, mapumziko ya dakika 15, na dakika za nyongeza ambazo siku hizi si haba, hasa tangu Kombe la Dunia la Qatar la mwaka 2022, ambako mechi ya Uingereza na Iran peke yake iliongezwa zaidi ya dakika 20 kwa vipindi vyote viwili. Tuseme basi mechi moja ni saa mbili. Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20 na kila timu hucheza mara 38. Ligi Kuu yetu ina timu 16 na kila timu hucheza mara 30. Mtu mwenye timu moja kule na moja hapa, akiziangalia bila kukosa, kisha akaongeza mechi nane za hatua ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa Ulaya na sita za makundi ya mashindano ya klabu Afrika, anafikisha mechi 82, yaani saa 164 kwa msimu mzima. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, unapata siku 20 na ushei. Mtu anayetumia siku 20 kwa mwaka kwa jambo analolipenda hastahili kuitwa mvivu. Wapo wanaomaliza zaidi ya hizo kwenye vikao vya harusi, na hakuna anayewaandikia barua magazetini.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuishii kwenye timu zetu. Katika miezi ya baridi ya Ulaya, mechi ya kwanza ya Jumamosi huanza saa 9:30 alasiri kwa saa zetu, zinazofuata huanza saa 12:00 jioni, na ya mwisho saa 2:30 usiku, na aliyeingia kwa ajili ya ile ya kwanza hatoki kabla ya saa nne na robo. Kesho yake zipo za saa 11:00 jioni na saa 1:30 usiku. Hizo ni karibu saa 12 kwa wikendi moja, na hata tukihesabu wikendi 30 tu za msimu, tunafika saa 360, sawa na siku 45 za kazi, ambazo ni miezi miwili ya mtu aliyeajiriwa. Hapo hatujagusa mechi za katikati ya wiki, wala redio za asubuhi zinazochambua mechi ya jana, wala redio za jioni zinazochambua mechi ya kesho. Na katika saa hizo zote mpira wenyewe huchezwa kidogo kuliko tunavyodhani, kwa kuwa katika misimu ya karibuni ya ligi ya Uingereza wastani wa muda ambao mpira umekuwa ukitembea uwanjani haujafika dakika 60 kwa mechi. Zilizobaki ni za kurusha mpira, kugaagaa chini, kumzonga mwamuzi na kusubiri VAR, yaani waamuzi wanaopitia picha za video.

Hata hivyo, siku hizo 45 bado hazituambii kitu mpaka tujue zilitoka mfukoni mwa nani. Anayetaka kujua aende kibanda umiza siku ya Jumamosi aangalie nani ameketi wapi. Kilicho karibu na kwangu kimezungushiwa mabati, mlangoni pametundikwa turubai jeusi la kuzuia mwanga, na ndani mna runinga mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, moja ikiwa na sauti na nyingine bubu, ili wenye mechi tofauti wasigombane. Wanagombana hata hivyo. Nje kuna ubao wenye ratiba ya siku nzima kwa chaki, pamoja na kiingilio, Sh 500 kwa mechi ya kawaida na Sh 1,000 kwa ile ambayo mwenye kibanda anajua hamtakubali kuikosa. Karibu na mlango huketi madereva wa bodaboda, helmeti zikiwa magotini na funguo mkononi. Hao, kwa saa ile ya Jumamosi, wangekuwa kijiweni wakisubiri abiria, na wakiwa kibandani bado wanasubiri abiria, kwa kuwa simu ikiita mtu anatoka. Nimemwona mmoja akiinuka mpira ukiwa umeshawekwa kwenye alama ya penalti, akaenda kumpeleka mteja, akarudi kipindi cha pili akiuliza ilikuwaje. Huyo hajamwibia mtu chochote. Amechukua saa ya kusubiri, ambayo soko halikuwa tayari kuinunua, akaifanya ya furaha.

Benchi la katikati lina mambo mengine. Hapo huketi fundi cherehani aliyeahidi kukabidhi sare za shule Jumapili asubuhi, na huketi fundi rangi ambaye nyumba ya watu imebaki na kuta mbili. Saa zao zilikwisha kununuliwa na mtu mwingine, wakati mwingine kwa malipo ya awali, na kila mechi wanayoiongeza inalipwa na mteja anayeambiwa "njoo kesho". Na mbele kabisa, chini, kwenye mkeka mkuukuu, huketi watoto wa shule ya msingi ambao hulipa nusu au hupenya bure, na ambao saa nne ya usiku bado wako pale. Kwa mtoto wa darasa la saba mwenye mtihani wa taifa mbele yake, saa ile ina thamani ambayo yeye mwenyewe hana umri wa kuijua, na mwenye kibanda anaijua vizuri lakini ana biashara. Sioni kwa nini halmashauri zetu, ambazo hazikosi kupita kwenye vibanda hivi kudai ushuru, zisiweke katika masharti ya leseni kwamba mtoto asikutwe humo baada ya saa mbili usiku siku ya kuamkia shule, na mgambo wakapewa kazi hiyo badala ya kukimbizana na wauza mihogo.

Yupo na shabiki ambaye haonekani kabisa kibandani. Ni yule anayeifuatilia mechi kwa masikio kutoka jikoni, kwa sababu saa 1:30 usiku ya Jumapili, mume anapokuwa ameketi sebuleni au kibandani, chakula hakijiivishi na watoto hawajiogeshi. Tunapozungumza juu ya muda ambao mashabiki wanautoa kwa soka, tusisahau kwamba sehemu kubwa ya muda huo hutolewa na mtu asiyeangalia, na kwamba wanawake wanaoipenda Simba au Yanga kwa dhati ni wengi sana kuliko viti wanavyoachiwa. Nimewahi kumsikia jirani akimwambia mumewe kwamba hana ugomvi na mpira, ila naye ana timu, na wazee wa mtaa waliokuwapo hawakuwa na la kumjibu.

Sasa nije kwenye saa za usiku, ambazo kwa maoni yangu ndizo ghali kuliko zote. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa 4:00 usiku kwa saa zetu mwanzoni mwa msimu, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba wenzetu wa Ulaya wanaporudisha saa zao nyuma, mechi zilezile zinahamia saa 5:00 usiku na kubaki hapo hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Sisi hatubadilishi saa, tunabadilisha usingizi. Mechi ya saa 5:00 ikienda sawa inakwisha karibu na saa 7:00 usiku, na ikienda kwenye muda wa nyongeza na penalti, hakuna ajuaye. Machi 2025 ilituonyesha hilo kwa usiku mbili mfululizo. Tarehe 11 Paris Saint-Germain iliitoa Liverpool kwa penalti kwenye uwanja wake wa Anfield, na tarehe 12 Real Madrid ikaitoa Atletico Madrid kwa penalti vilevile, tena ikiwemo ile ya Julián Álvarez iliyokataliwa kwa madai kwamba aliugusa mpira mara mbili. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mtu alitoka tarawehe, akaingia kibandani, akatoka huko karibu na saa nane usiku, akasubiri daku, akaswali Alfajiri, na asubuhi akatakiwa ashike usukani wa basi au afungue dirisha la zahanati. Mguso ule wa Álvarez ulijadiliwa hapa Tanga kwa siku kadhaa, na ninakiri kwamba ulistahili kujadiliwa, lakini sidhani kama abiria wa basi la alfajiri la kwenda Lushoto aliulizwa iwapo yuko tayari kuendeshwa na mtu ambaye hajalala.

Hapo ndipo ninapoachana na wenzangu wa kijiweni. Saa ya Jumamosi jioni ni yako, uitumie unavyotaka, na anayekusema ana wivu. Saa ya usiku wa Jumanne ulishaiuza kwa mwajiri, au uliiahidi kwa mgonjwa atakayekujia asubuhi, na unapoitumia kwa mechi ya timu mbili za nchi ya mbali ambazo hata si zako, unatumia mali ya mtu. Kama timu yako inacheza, sawa, kesha. Binadamu tumeumbwa na mapenzi, na mara chache kwa msimu haitamuua mtu. Ninachokishangaa ni shabiki ambaye timu yake haimo kabisa kwenye mashindano, na bado anakesha kila Jumanne na Jumatano ili asipitwe na mazungumzo ya kesho.

Haya hayakuanza kwa udhaifu wetu peke yetu. Coastal Union yetu ilipotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni. Shabiki wa Tanga aliyetaka kuiona timu yake alikwenda uwanja wa Mkwakwani, na ilipocheza ugenini alikaa na redio ya jirani mwenye betri nzuri, mtangazaji wa Radio Tanzania akimchorea uwanja kwa maneno. Mechi ilikuwa moja, ikaisha, watu wakaenda zao. Leo bidhaa hiyo imeongezwa wingi na wanaoiuza, na kila mwaka wanaiongeza tena. Ligi ya Mabingwa Ulaya ilikuwa na mechi 125 hadi msimu wa 2023/24. Tangu msimu wa 2024/25, timu zilipoongezwa kutoka 32 hadi 36, mechi zimekuwa 189, na usiku wa mwisho wa hatua ya kwanza, tarehe 29 Januari 2025, mechi 18 zilichezwa kwa wakati mmoja. Kombe la Dunia lilikuwa na mechi 64 mwaka 2022, na kwa mwaka 2026, huko Marekani, Kanada na Meksiko, limepangiwa timu 48 na mechi 104. Hata Juni na Julai, ambayo katika miaka isiyo na mashindano makubwa ya mataifa ilikuwa miezi ya shabiki kupumua na kuzungumza na familia yake, mwaka 2025 ilijazwa Kombe la Dunia la Klabu lenye mechi 63. Wachezaji wana vyama vyao vya kulalamika kwamba wanachoka. Shabiki hana chama, na anachodhaniwa ni kwamba macho yake hayana kikomo.

Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe, ambao ligi yao ndiyo inayotukalisha kibandani, hawaiachii runinga kila saa ya shabiki wao. Tangu miaka ya 1960 wamekuwa na utaratibu kwamba siku ya Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni kwa saa zao, hakuna mechi inayoonyeshwa moja kwa moja kwenye runinga ndani ya nchi yao, na utaratibu huo ulipiganiwa na viongozi wa klabu, akiwemo Bob Lord aliyekuwa mwenyekiti wa Burnley, kwa hofu kwamba watu wakibaki nyumbani kuangalia timu kubwa, viwanja vya timu ndogo vitakuwa vitupu. Mechi nyingi za Ligi Kuu yao za saa tisa alasiri ya Jumamosi, ambazo sisi hapa Ngamiani tunaziona moja kwa moja saa 12:00 jioni, mkazi wa London haruhusiwi kuziona akiwa sebuleni kwake. Akitaka mpira saa ile, anavaa koti lake na kwenda kwenye uwanja wa jirani, hata kama timu ya hapo iko daraja la nne. Sisi tumepokea mechi, hatukupokea busara iliyozizunguka.

Matokeo yake yanaonekana mtaani kwetu. Mechi ya mchangani inayoanza saa kumi jioni, ambayo miaka ya nyuma ilijaza watu mpaka juu ya miembe, sasa hivi ikifika kipindi cha pili watazamaji wanaanza kuchomoka mmoja mmoja kuelekea kibandani, na golikipa anajua saa kwa kuangalia migongo yao. Mechi za ligi ya mkoa na ligi ya wanawake zina hali mbaya zaidi. Shabiki anasema kiwango ni cha chini, naye hakosei, lakini kiwango hakipandi mbele ya majukwaa matupu. Mkataba wa mwaka 2021 baina ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na kampuni ya matangazo ya Azam Media, wa miaka kumi na thamani ya Sh bilioni 225.6, uliingiza fedha ambazo Ligi Kuu yetu haikuwahi kuziona, na umefanya mechi za mikoani zionekane nchi nzima. Hilo ni jema na silibezi. Ombi langu kwa Bodi ya Ligi na TFF ni kwamba wakati wanapopanga ratiba, watenge angalau saa mbili za Jumamosi au Jumapili ambazo hakuna mechi ya Ligi Kuu inayoonyeshwa, zikawa za viwanja vya mikoa, wilaya na shule. Mechi za Ulaya hatuwezi kuzizuia. Hiyo ya kwetu tunaweza.

Na hao wanaopanga ratiba wana deni lingine kwa shabiki. Tarehe 8 Machi 2025, Jumamosi ile iliyotangulia usiku wa Anfield nilioutaja, mechi ya watani wa jadi kati ya Yanga na Simba iliahirishwa siku ileile ya kuchezwa, baada ya Simba kulalamika kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mechi. Ni nani aliyekuwa na haki katika shauri lile si hoja yangu, na nikiligusa sitapata amani kijiweni. Hoja yangu ni yule aliyepanda basi kutoka mkoani usiku kucha, akiwa ameomba ruhusa kazini, akafika Dar es Salaam na kukuta hakuna mechi. Mechi hiyo ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0, na magazeti yakaandika juu ya pointi, faini na kanuni. Saa za yule msafiri hazikuandikwa popote. Ukipigia hesabu uwanja wa Benjamin Mkapa unaochukua watu 60,000, na kila mmoja akapoteza saa tano tu, ni saa 300,000 zilizochukuliwa kwa tangazo moja. Anayemwita shabiki mpotezaji wa muda aanze na wale wanaompotezea.

Niseme kidogo kuhusu mikeka, yaani tiketi za kubashiri matokeo ya mechi kwa fedha, ingawa suala hilo lina barua yake. Shabiki wa zamani alikuwa na timu mbili. Kijana aliyeweka Sh 500 kwenye mkeka wenye timu kumi na mbili anajikuta ana timu kumi na mbili, nyingine za ligi ambazo hajui hata jezi zao zina rangi gani, na zinacheza kwa saa zinazopishana kuanzia mchana hadi usiku wa manane. Haziangalii kwa raha. Anaangalia simu, anapandisha kioo, anashusha, anauliza kama kona zimefika tisa, na timu ya kumi na moja ikishamchania mkeka dakika ya 88, anasuka mwingine. Huyo hayuko kwenye burudani tena. Yuko kazini bila mshahara, na mwajiri wake anatangaza biashara kwenye jezi za timu zetu wenyewe. Katika hizo saa 360 nilizozitaja, ningependa kujua ni ngapi zingebaki kama mikeka ingeondolewa. Dhana yangu, kwa kuwa ninakaa nao, ni kwamba zingepungua mno.

Mwisho, Ndugu Mhariri, niruhusu nikugeukie wewe. Gazeti lako, kama mengine, hutuchapia kila Ijumaa ratiba ya mechi za wikendi, na katika ratiba hiyo kuna saa ya kuanza tu. Ningeomba mwongeze saa ya kumalizika, pamoja na onyo kwa zile zinazoweza kwenda kwenye penalti, ili mtu anayeamka saa kumi na moja aone kwa macho yake anajiingiza katika nini kabla hajalipa kiingilio. Ningeomba pia kwamba katika ukurasa huohuo kuwe na mechi za ligi za mikoa, za wanawake na za shule za sekondari, kwa jina la uwanja na saa, maana mara nyingi sisi tunaotaka kwenda hatujui zinachezwa wapi, na katibu wa chama cha mpira cha wilaya ukimpigia simu hapokei. Tukielekea fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, ambazo sisi pamoja na Kenya na Uganda ndio wenyeji, itakuwa vibaya tukiwa tunaijua ratiba ya Ulaya kwa ghibu na hatujui nani anacheza Mkwakwani Jumamosi. Kama nafasi ni finyu, nashauri mchukue ya safu ya tetesi za usajili, ambayo msimu uliopita ilimsajili mshambuliaji mmoja katika timu tatu kwa wiki moja, naye akaishia kubaki alikokuwa.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga